Cheti cha ukutani kimemkagua nani: mchoraji au chumba?

Ukiingia mahali pa kuchorea tatuu au kutogea, karibu kila mara utakuta karatasi yenye muhuri ndani ya fremu. Wengi huitupia jicho mara moja, roho ikatulia, wakakaa kitini. Mimi nilifanya hivyo hivyo siku niliyotogwa sehemu ya juu ya sikio, ile ngumu. Karatasi ilikuwapo, safi, yenye tarehe ya mwaka ule ule. Siku ya nne sikio lilikuwa limevimba na kuwaka moto. Siku ya sita usaha ukaanza kutoka. Nilipopona nilirudi pale nikaisoma ile karatasi neno kwa neno. Ilikuwa leseni ya biashara: mwenye duka ameruhusiwa kuuza vito. Kuhusu sindano, damu au maji ya kunawia haikuwa na neno hata moja.

Tangu hapo, mtu akiniambia "pale wana leseni", swali langu ni moja: leseni hiyo ilimkagua nani? Kuna karatasi inayomkagua mtu anayeshika sindano. Kuna inayokagua chumba. Kuna inayokagua vyote viwili. Na kuna isiyokagua chochote, imeandika jina lako kwenye daftari tu. Kwa mteja zote zinaonekana sawa kwa sababu zote zina muhuri. Hapa nazilinganisha, kisha nalinganisha vitu vyenyewe vinavyokaguliwa, ili aliye njia panda kati ya sehemu mbili au tatu ajue achague ipi.

Bwana afya anatafuta nini pale

Sindano ya tatuu huingia kati ya milimita moja na mbili, mpaka kwenye ngozi ya ndani yenye mishipa midogo ya damu, na hupiga mara nyingi kila sekunde. Kila pigo ni jeraha dogo. Damu na majimaji hutoka, hushika kwenye glavu, kwenye mashine, kwenye chupa ya sabuni ambayo mchoraji ameigusa bila kufikiri. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai juu ya meza kwa muda usiopungua siku 7, hata damu yenyewe ikiwa imekauka na haionekani tena. Kwa mhudumu wa afya asiye na chanjo aliyechomwa kwa bahati mbaya na sindano ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B ni kati ya asilimia 6 na 30, na VVU ni karibu asilimia 0.3. Watu huenda wakiogopa UKIMWI, kumbe kinachoambukiza kwa urahisi zaidi mahali pale ni homa ya ini B.

Ndiyo maana kazi hii ikawekwa mikononi mwa idara za afya za mitaa. Hakuna anayekagua kama chui uliyechorwa anafanana na chui. Kinachokaguliwa ni njia ya damu: imetoka wapi, imegusa nini, imeishia wapi.

Kuandikishwa si kupewa leseni

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, nami nilikuwa mmoja wao. Chukua mfano wa Uingereza, kwa sababu ndani ya taifa hilo moja mifumo yote miwili ipo, jirani kwa jirani.

England, nje ya London, sheria ya mwaka 1982 inamtaka mchoraji na mtogaji waandikishwe na halmashauri, wao na mahali wanapofanyia kazi. Mwanzoni kutoga kulihusu masikio tu. Mabadiliko ya mwaka 2003 yakaongeza kutoga mwili kwa urembo na kutia ngozi rangi inayodumu kwa muda tu. Halmashauri hutunga kanuni ndogo za usafi, na mwenye studio analazimika kubandika cheti pamoja na nakala ya kanuni hizo mahali zinapoonekana. Lakini kuandikishwa hakumdai mtu aonyeshe amesomea nini. Hakuna mtihani. Na halmashauri haina nafasi kubwa ya kumkataa anayeomba, isipokuwa kama mahakama ilishamfutia usajili huko nyuma. Kwa maneno mengine, cheti kile kinakuambia kwamba halmashauri inajua mtu huyu yupo na anafanyia kazi wapi. Si kitu kidogo, maana likitokea tatizo kuna mlango wa kubisha. Lakini hakikuambii kwamba anajua kuosha mikono.

Vuka uingie Wales. Tangu tarehe 29 Novemba 2024, kwa sheria ya afya ya umma ya mwaka 2017, mchoraji anahitaji leseni yake binafsi, na mahali anapofanyia kazi pawe pamekubaliwa peke yake. Hapati leseni mpaka afaulu mafunzo ya kuzuia maambukizi, na kumbukumbu zake za makosa ya jinai zitazamwe. Leseni ya kawaida inadumu miaka 3, kisha anarudi. Mfumo huo unabeba kazi nne: tatuu pamoja na vipodozi vya ngozi vinavyodumu kwa muda, kutoga, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano (akupancha), na kung'oa nywele kwa umeme. Scotland nao walikwisha kuchukua njia ya leseni tangu mwaka 2006.

Ukinipa studio mbili zilizo sawa kwa macho, moja yenye usajili na nyingine yenye leseni ya namna ya Wales, nitakwenda kwenye leseni bila kusita. Sisemi kwamba kila aliyeandikishwa tu ni mchafu; wapo waliojisomea na kujiwekea viwango vikali kuliko sheria inavyodai. Ila kwa yule wa usajili mzigo wa ukaguzi unabaki mabegani mwako wewe mteja, na lazima uende ukijua hivyo.

Mtu au chumba

Hata leseni nazo haziko namna moja. Jiji la New York linampa leseni mchoraji mwenyewe, baada ya kozi na mtihani wa kuzuia maambukizi. Leseni inamfuata yeye. Studio anamofanyia kazi haipewi leseni ya aina hiyo. California imekwenda njia nyingine: kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2012, mchoraji anajiandikisha kwa idara ya afya ya wilaya, anapata mafunzo ya magonjwa yanayoenezwa kwa damu kila mwaka, anaonyesha kama amechanjwa homa ya ini B au amekataa chanjo kwa maandishi, na chumba nacho kinapata kibali chake cha afya. Juu ya hapo studio lazima iwe na mpango wa maandishi wa kuzuia maambukizi: nani anasafisha nini, kwa dawa gani, lini.

Tofauti hii ina maana gani kwako? Leseni ya mtu inakupa uhakika wa kichwa na mikono. Anajua kwa nini anabadilisha glavu baada ya kushika simu. Haikupi uhakika wa sinki. Anaweza kuwa amesoma vizuri, kisha akakodi kiti kwenye chumba ambacho beseni la kunawia ni lile lile linalooshewa vifaa vyenye damu, akavumilia kwa sababu mwenye nyumba ni mwingine. Kibali cha chumba kinakupa kinyume chake: kuta zinazooshwa, maji ya moto, beseni la mikono peke yake, sakafu isiyo na zulia, mahali pa takataka zenye damu. Lakini mkaguzi alikuja mara moja, na wachoraji wanaokodi viti humo wanaweza kubadilika kila baada ya miezi michache.

Kwa hiyo ukikuta leseni ya mtu, tazama chumba. Ukikuta kibali cha chumba, muulize mtu. Na soma jina. Nimeona mteja akionyeshwa leseni nzuri kabisa yenye jina la mwenye studio, huku anayevaa glavu ni kijana mwingine aliyeanza kazi wiki ile.

Kuna kipimo kimoja cha nje kinachoonyesha kwamba tofauti hizi si maneno matupu, nacho ni benki za damu. Uingereza, ukichorwa au kutogwa, unangoja miezi 4 kabla ya kutoa damu. Marekani kipindi cha kawaida ni miezi 3, lakini ikiwa tatuu ilichorwa kwenye jimbo linalosimamia kazi hii, na mahali penye ruhusa, kwa sindano safi na wino usiorudiwa, huhitaji kungoja. Watu wa damu, ambao hawana sababu ya kumbembeleza mchoraji yeyote, wanauamini ukaguzi pale ulipo na hawauamini pale usipokuwapo.

Palipopigwa marufuku, na palipoachiwa madaktari

Wapo wanaosema dawa ni kufunga kabisa. Ilishajaribiwa. Jiji la New York lilipiga marufuku tatuu mwaka 1961 kwa hoja ya homa ya ini B, na marufuku ikaondolewa mwaka 1997. Jimbo la Massachusetts lilifunga mwaka 1962, mahakama ikafungua mwaka 2000. Oklahoma ndiyo ilikuwa ya mwisho Marekani kuruhusu, mwaka 2006. Miaka yote hiyo watu walichorwa tu. Walichorwa vyumbani, mapazia yamefungwa, bila mkaguzi yeyote kuwa na haki ya kugonga mlango.

Njia ya madaktari ilikuwa ya Korea Kusini, ambako mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 1992 kwamba kuchora tatuu ni tendo la kitabibu. Asiye daktari akichora alikuwa mhalifu, na wachoraji karibu wote hawakuwa madaktari. Mwaka 2025 bunge lao likapitisha sheria ya kuwapa wachoraji leseni yao wenyewe, likaacha miaka 2 ya maandalizi kabla haijaanza kutumika. Japani mahakama ya juu kabisa ilikwisha kuamua Septemba 2020 kwamba tatuu si tendo la kitabibu. Sitakaa hapa zaidi. Kwa anayechagua pa kuchorwa, jambo la kukumbuka ni kwamba mahali palipopiga marufuku hapana studio iliyokaguliwa hata moja, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha.

Mashine ya mvuke au vifaa vya kutupa

Sasa tuingie ndani ya chumba, maana hapa ndipo ningependa usome polepole.

Studio huchagua moja kati ya njia mbili, au huzichanganya. Ya kwanza ni vifaa vya kutumia mara moja: sindano, kishikio, vikombe vya wino, vyote hutoka kwenye pakiti vikiwa vimetakaswa kiwandani na huishia kwenye kisanduku kigumu cha sindano zilizotumika. Ya pili ni vifaa vya chuma vinavyorudiwa, hasa koleo na vibanio vya mtogaji, ambavyo lazima vioshwe, vifungwe kwenye mfuko maalumu, na vipite kwenye mashine ya mvuke, otoklevu.

Kwa mteja asiyejua kitu, vifaa vya kutupa ndivyo rahisi kuthibitisha. Unaona pakiti ikifunguliwa mbele yako, unasoma tarehe ya mwisho, kazi imekwisha. Nikiwa na haraka, au nikiwa mgeni mahali, ndiyo njia ninayoichagua. Mkaguzi naye anakuwa na machache ya kutazama: namba za pakiti zimeandikwa kwenye kumbukumbu za wateja? Kisanduku kimejaa kupita mstari?

Mashine ya mvuke si mbaya. Ikitumiwa sawasawa inaua kila kitu. Lakini ina sehemu nyingi za kukosea, na kila sehemu ina danganya toto yake. Inatakiwa kufika 121 °C na kukaa hapo dakika 15 hadi 30, kutegemea mashine na jinsi vifaa vilivyofungwa, au 134 °C kwa dakika zisizopungua 3. Maji yanayochemka jikoni hufika 100 °C na hapo ndipo yanapoishia; mbegu ngumu za bakteria zinabaki hai humo. Kale kasanduku kenye taa ya bluu ambako vifaa vimepangwa vikipendeza hakatakasi kitu kilichofungwa wala upande usiopigwa na mwanga. Ni kabati la kutunzia tu. Ukionyeshwa taa ya bluu ulipouliza juu ya kutakasa vifaa, umeshapata jibu.

Halafu kuna ule mfuko wenyewe. Upande mmoja ni karatasi nyeupe, upande mwingine ni plastiki unayoona ndani. Pembeni pana alama ndogo iliyochapwa kwa rangi inayobadilika ikipata joto, kutoka waridi kwenda kahawia kwa mfano, kutegemea mtengenezaji. Wateja wengi, na wachoraji wasiosoma, huichukulia alama ile kuwa uthibitisho. Siyo. Inasema mfuko ulipita kwenye joto. Haisemi kama bakteria walikufa. Kinachosema hivyo ni kipimo kingine kabisa: kipande cha karatasi chenye mbegu hai za bakteria wanaoitwa *Geobacillus stearothermophilus*, ambao hawamdhuru mtu lakini hustahimili joto kupita karibu wote. Karatasi inawekwa ndani ya mashine pamoja na vifaa, kisha inaoteshwa. Kikiota kitu, mashine haifanyi kazi, hata kama kila alama kwenye kila mfuko imebadilika rangi. California inadai kipimo hicho kila mwezi. Kanuni nyingine hudai kwa vipindi tofauti, na zipo zisizodai kabisa, zikitosheka kwamba mashine ipo.

Ukiwa unachagua kati ya studio mbili zenye mashine ya mvuke, usiulize kama wanayo. Omba kuona matokeo ya kipimo cha mbegu cha mara ya mwisho. Na ushike mfuko mkononi: ukiwa na unyevu, tundu, au mkunjo uliofunguka kwenye gundi, ni sawa na ambao haukutakaswa.

Tazama pia vitu ambavyo haviwezi kupita kwenye mashine yoyote: waya wa mashine ya kuchorea, taa, mkono wa kiti, chupa ya kupulizia. Vinatakiwa vivikwe plastiki nyembamba, mpya kwa kila mteja, na kufutwa kwa dawa baadaye. Ukiona plastiki ile ina mabaki ya wino kabla hujakaa, simama uondoke.

Sindano au bunduki

Kwa kutoga, hili ndilo jambo nililo nalo moyoni kuliko yote.

Bunduki ya kutogea haichomi, inapenyeza. Inasukuma hereni yenye ncha butu kupita kwenye nyama kwa nguvu ya springi. Sindano ya mtogaji ina mdomo mkali na tundu katikati, hukata njia safi. Kwenye ndewe ya sikio, penye nyama laini na damu nyingi, mwili husamehe, na mara nyingi kidonda hupona ndani ya wiki 6 hadi 8. Kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, mambo ni mengine. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na utando mwembamba ulioivaa. Ukiiponda kwa hereni butu na bakteria wakaingia, dawa inafika kwa shida, na sikio linaweza kukunjamana likabaki hivyo. Hata likienda sawa, kupona kwa gegedu huchukua kati ya miezi 3 na 12.

Tena bunduki nyingi zina sehemu za plastiki, haziwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke. Zinafutwa tu.

Mwaka 2000, kwenye jimbo la Oregon, Marekani, watu 7 walithibitishwa kuwa na maambukizi ya *Pseudomonas aeruginosa* baada ya kutogwa gegedu kwenye kibanda kimoja cha vito. Baadhi walilazwa na kubaki na masikio yaliyoharibika umbo. Bakteria wale hupenda maji, na walipatikana kwenye chupa ya kupulizia dawa ya kuua vimelea, ile ile iliyotakiwa kulinda. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka chupa iliyokuwa kaunta siku yangu, jinsi ilivyotikiswa ikapulizwa, nami nikaona hawa watu ni wasafi.

Na sheria? Hapa pana pengo ambalo linanikera. Sehemu nyingi kanuni za kutoga huiweka bunduki ya masikio kando. California yenyewe, pamoja na ukali wake wote, haihesabu kutoga sikio kwa kifaa cha hereni na kifungo kilichotakaswa cha kutumia mara moja kuwa kutoga mwili. Anayefanya hivyo anatoa taarifa tu. England inahesabu kutoga masikio ndani ya usajili, ila tumeshaona usajili unadai nini. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi wa dukani aliyefundishwa mchana mmoja anaweza kufanya kazi bila kuangaliwa, huku mtogaji wa sindano aliye jengo la pili anakaguliwa kila kona.

Ulinganisho wangu hapa hauna katikati. Ndewe ya mtu mzima, kwa kifaa kipya ambacho kasha lake lote linalogusa sikio linatupwa, nitavumilia. Gegedu, pua, kitovu, ulimi: sindano, mikononi mwa mtogaji, ndani ya chumba chenye kibali. Na hereni ya kwanza iwe titani ya daraja la kupandikizwa mwilini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye kitu kinachopita kwenye tundu jipya kuwa mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, chini ya kile cha vito vya kawaida, kwa sababu ngozi ikishajifunza kuichukia nikeli haisahau.

Wino, ambao bwana afya haoni

Kuna jambo moja ambalo cheti chochote cha halmashauri hakiwezi kukuhakikishia, nalo ni kilichomo ndani ya chupa ya wino. Kati ya mwaka 2011 na 2012, huko Rochester, New York, watu 19 waliochorwa na mchoraji mmoja walipata vipele vilivyodumu kwa muda mrefu. Chanzo kilikuwa wino wa kijivu uliochanganywa tayari na mtengenezaji, ukiwa na bakteria waitwao *Mycobacterium chelonae*. Unaweza kuwa na chumba safi kabisa na wateja bado wakaugua.

Kwa hiyo linganisha wino kwa ngazi nyingine. Umoja wa Ulaya tangu tarehe 4 Januari 2022 umewekea mipaka zaidi ya kemikali 4,000 kwenye wino wa tatuu, na mwaka mmoja baadaye ukafunga rangi mbili maarufu, ya bluu na ya kijani, zilizokuwa zimepewa muda wa ziada. Studio inayonunua wino unaofuata kanuni hizo ina lebo yenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Inayonunua chupa zisizo na namba haiwezi kukujibu lolote ukipata tatizo. Tena angalia kwa macho yako: wino ukimiminwa kwenye kikombe kidogo haurudi chupani, na ukipunguzwa makali, upunguzwe kwa maji yaliyotakaswa, si ya bomba. Maji yanayofaa kunywewa hayajafaa kuingizwa chini ya ngozi.

Nyumbani kwa rafiki, na kwenye maonyesho

Rafiki aliyenunua mashine mtandaoni hana chumba, hana kibali, na kisanduku chake cha sindano ni chupa ya soda. Sina la kulinganisha hapo.

Maonyesho ya tatuu ni tofauti, na watu huyaogopa bila sababu. Yakiwa na kibali cha muda, mara nyingi wakaguzi huwa wamo humo humo ukumbini. Uliza tu maji ya kunawia yako wapi na kama vifaa ni vya kutupa, maana ukumbini ndiyo njia yenye akili.

Umri

Kuhusu watoto, sheria hazilingani hata kwa kazi mbili zinazofanywa chumba kimoja. England tatuu chini ya miaka 18 ni kosa tangu mwaka 1969, na mzazi akisaini haibadilishi kitu. Kutoga hakuna umri wa kisheria huko. Kila studio inajiwekea wake. Wales imekataza kutoga sehemu za siri kwa walio chini ya miaka 18 tangu Februari 2018. California tatuu ni 18, kutoga kunawezekana mzazi akiwapo. Mzazi anayechagua studio kwa ajili ya binti yake aangalie jambo dogo hili: inayodai kitambulisho na kumtaka mzazi aketi mle ndani imeshakuonyesha jinsi inavyoshika kanuni nyingine zisizoonekana.

Basi uende wapi

Kama eneo lako lina leseni ya mtu pamoja na kibali cha chumba, anza na zenye vyote viwili, kisha chagua kwa ustadi wa mkono. Kama kuna usajili tu, ustadi wa mkono uje mwisho: tafuta anayetumia vifaa vya kutupa, aliyepata mafunzo ya kuzuia maambukizi kwa hiari yake na anaweza kukuonyesha cheti chenye mwaka. Kama hakuna kanuni kabisa, tumia zile za kwingine kama kipimo chako, na uwe tayari kurudi nyumbani na ngozi yako kama ilivyo. Anayekasirika ukiuliza, mwache. Palipo na kanuni, mkaguzi humuuliza maswali hayo hayo, naye hujibu.

Tatuu yangu ya kwanza niliichora miaka mitatu baada ya lile sikio. Nilikuwa na studio mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na nilipoomba kipimo cha mbegu mwenye studio akasema mashine yao ni mpya, haina haja. Ya pili, mama aliyekuwa akifuta kiti alivua glavu, akanawa, akavuta droo na kutoa faili la kijani. Kulikuwa na karatasi za miezi kumi na minane. Mwezi mmoja matokeo yalikuwa mabaya, na yalikuwa yameandikwa hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu. Pembeni palikuwa na tarehe aliyomwita fundi, orodha ya mifuko aliyoirudia yote, na tarehe ya kipimo kilichofuata, kilichofaulu.

"Ule mwezi nilifunga siku nne," akaniambia. Nikakaa kitini.